Kelele Zisizotakiwa Katika Spika za Kompyuta: Kutambua Chanzo, Kuondoa kwa Usalama na Kujua Haki Yako

Spika zinazounganishwa na kompyuta zimekuwa chombo cha kawaida katika nyumba, ofisi, madarasa, nyumba za ibada na maeneo ya biashara. Wengine hutumia spika ndogo mbili za mezani. Wengine, na hao ndio wengi, huunganisha kompyuta na sabufa ileile inayotumika kwa televisheni na muziki. Lalamiko moja hujirudia kwa watumiaji wa vyombo hivi: kelele husikika hata pale ambapo hakuna kinachochezwa. Mara ni mvumo mzito usiokoma, mara ni mikwaruzo, mara ni mlio mwembamba unaofuata mwendo wa kipanya.

Mlaji anayekutwa na hali hiyo huvutwa na maamuzi matatu ya haraka. La kwanza ni kununua spika nyingine, ambayo mara nyingi huleta kelele ileile kwa sababu chanzo hakikuwa spika. La pili ni kumkabidhi chombo mtu yeyote anayejiita fundi, bila kujua kilichoharibika wala kinachopaswa kubadilishwa. La tatu ni kukata pini ya ardhi kwenye plagi ya kompyuta, kwa kuwa ameambiwa kwamba kufanya hivyo hunyamazisha mvumo. Uamuzi wa kwanza na wa pili hupoteza fedha. Wa tatu unaweza kupoteza uhai.

Sura hii inaeleza namna ya kutambua chanzo cha kelele kwa hatua chache zisizohitaji vifaa maalumu, yale ambayo mlaji anaweza kuyarekebisha mwenyewe, yale yanayohitaji fundi, na haki anazoweza kudai iwapo chombo kilikuwa na kasoro tangu kiliponunuliwa.

KELELE HUTOKA WAPI

Sauti hutoka katika kompyuta ikiwa ni umeme mdogo sana unaopita kwenye kebo ya sauti. Ndani ya spika au sabufa mna amplifaya, ambayo kazi yake ni kukuza umeme huo mdogo hadi uweze kusukuma koni ya spika na kutoa sauti inayosikika. Amplifaya haina uwezo wa kuchagua. Umeme wowote mdogo unaoingia katika njia hiyo, uwe wa muziki au wa kitu kingine, hukuzwa vilevile. Kwa hiyo kutafuta chanzo cha kelele ni kutafuta mahali ambapo umeme usiohusika umepenya.

Njia za kupenya ni nne. Ya kwanza ni umeme wa nyumbani wenyewe, kupitia kifaa cha kupokelea umeme kilichomo ndani ya spika au kupitia waya wa ardhi. Ya pili ni kebo ya sauti, hasa iliyokatika, iliyolegea au isiyo na kinga ya kutosha. Ya tatu ni sehemu za ndani za kompyuta, ambazo hufanya kazi kwa kasi kubwa na kutoa mitetemo ya umeme. Ya nne ni mawimbi ya hewani, kama yale ya simu ya mkononi iliyowekwa karibu na spika.

SIKILIZA KWANZA

Kabla ya kugusa chochote, sikiliza kelele kwa makini. Namna inavyosikika ni ushahidi wa kwanza wa mahali inapotoka.

Mvumo mzito usiobadilika. Umeme wa gridi nchini Tanzania na Kenya ni mkondo geu unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Umeme huo ukipenya katika njia ya sauti, spika hutoa mvumo wa mtetemo 50 au 100 kwa sekunde, pamoja na mitetemo ya juu zaidi inayoambatana nayo. Mvumo wa aina hii huelekeza kwenye waya wa ardhi, kebo mbovu au kifaa cha kupokelea umeme ndani ya spika.

Sauti ya kuvuma kwa wembamba, kama mvua inayonyesha kwenye mabati kwa mbali. Hii ni kelele ya kawaida ya vifaa vya elektroniki iliyokuzwa kupita kiasi. Mara nyingi hutokana na mpangilio mbaya wa viwango vya sauti, au sabufa iliyoachwa kwenye redio isiyoshika stesheni.

Mlio mwembamba unaobadilika unaposogeza kipanya, unapofungua programu au unaponakili faili. Huu unatoka ndani ya kompyuta.

Mikwaruzo na mipasuko inayotokea unapozungusha kitufe cha sauti au unapotikisa kebo. Hii inatokana na vumbi, kutu au mguso uliolegea.

Vishindo vya haraka vya mfululizo, vinavyosikika sekunde chache kabla ya simu kuita. Hivi ni mawimbi ya simu ya mkononi.

Sauti ya kukwama au kuchakaa inayosikika wakati muziki unacheza tu. Hii si kelele ya nyuma. Huenda rekodi yenyewe ni mbovu, sauti imepandishwa kupita uwezo wa spika, au koni imechanika. Jaribu wimbo au rekodi nyingine kabla ya kuhukumu spika.

TAHADHARI KABLA YA UCHUNGUZI

Punguza sauti ya spika na kuizima kabla ya kuchomeka au kuchomoa kebo yoyote. Kishindo cha ghafla kinaweza kuchana koni na kuumiza masikio. Usifungue mfuniko wa spika, sabufa wala kifaa cha umeme cha kompyuta. Ndani yake mna kapasita, vifaa vinavyohifadhi umeme, ambavyo vinaweza kukupiga hata baada ya plagi kuchomolewa. Usishike plagi wala soketi kwa mikono yenye maji. Na iwapo mwili wa chuma wa kompyuta au wa sabufa unakuwasha unapougusa, acha uchunguzi na usome kwanza sehemu inayohusu waya wa ardhi.

HATUA TANO ZA KUTAMBUA CHANZO

Fuata hatua hizi kwa utaratibu wake na uandike matokeo ya kila hatua. Maandishi hayo yatakusaidia kwa fundi na kwa muuzaji.

Hatua ya kwanza: zungusha kitufe cha sauti. Hakikisha kompyuta haichezi kitu, kisha pandisha na kushusha sauti kwa kitufe cha spika. Kelele ikipanda na kushuka pamoja na kitufe, inaingia kupitia njia ya sauti. Ikibaki palepale bila kujali kitufe, kuna uwezekano mkubwa kwamba inazaliwa ndani ya spika yenyewe, baada ya sehemu ya kurekebisha sauti.

Hatua ya pili: tenga spika na kompyuta. Zima spika, chomoa kebo ya sauti upande wa spika, kisha iwashe tena. Kama kebo haichomoki upande huo, ruka hadi hatua ya tatu. Kebo inayoning'inia bila kuunganishwa na kitu huokota mvumo kutoka kwenye nyaya za umeme zilizo karibu, na inaweza kukupotosha. Kelele ikiendelea hali spika haijaunganishwa na kitu kingine chochote isipokuwa umeme, jaribu soketi ya chumba kingine. Ikiendelea hata huko, kasoro imo ndani ya spika. Ikinyamaza mara tu kebo inapotoka, endelea.

Hatua ya tatu: weka simu mahali pa kompyuta. Unganisha spika, kwa kebo ileile, na simu inayotumia betri na isiyochajiwa. Kama simu yako haina tundu la duara la kusikilizia, tumia redio ndogo ya betri yenye tundu hilo. Spika ikiwa kimya, basi spika ni nzima na kebo ni nzima. Tatizo liko katika kompyuta au katika namna inavyopata umeme. Kelele ikiendelea, badilisha kebo. Kebo mpya ikileta ukimya, chanzo kimepatikana. Isipoleta, chunguza tundu la kuingizia sauti katika spika.

Hatua ya nne: chunguza umeme wa kompyuta. Kwa kompyuta mpakato, irudishe kwenye spika kisha chomoa chaja na uiache ifanye kazi kwa betri. Kelele ikikoma, inapita katika chaja na waya wa ardhi. Kwa kompyuta ya mezani, ambayo haina betri, chomoa vifaa vingine kimoja baada ya kingine: printa, projekta, kebo ya televisheni, king'amuzi. Kelele ikikoma baada ya kuchomoa kimoja, umeipata njia inayotumiwa na umeme usiotakiwa.

Hatua ya tano: chunguza matundu ya kompyuta. Kama kelele imebaki hata baada ya kuondoa vifaa vingine vyote, na hasa kama inabadilika unaposogeza kipanya, hamisha kebo ya sauti. Kompyuta nyingi za mezani zina tundu la sauti mbele na jingine nyuma, lenye rangi ya kijani. La mbele huunganishwa kwa waya unaopita katikati ya vifaa vya ndani na kuokota kelele zake. La nyuma kwa kawaida huwa safi zaidi.

MVUMO UNAOTOKANA NA WAYA WA ARDHI

Chanzo kinachowasumbua watumiaji wengi kuliko vingine, na kinachoeleweka kidogo kuliko vingine, ni mzunguko wa waya wa ardhi. Tuchukue mfano wa duka la steshenari lenye kompyuta ya mezani iliyochomekwa katika soketi ya ukuta mmoja, na sabufa iliyounganishwa pia na televisheni na king'amuzi katika ukuta mwingine. Kompyuta imefika ardhini kupitia pini ya tatu ya plagi yake. King'amuzi nacho kimefika ardhini kwa njia nyingine, kupitia kebo ya dishi lililofungwa kwenye nguzo ya chuma. Kebo ya sauti inapoziunganisha pande hizi mbili, mduara unakamilika: kutoka ardhini, kupitia kompyuta, kebo ya sauti, sabufa, kebo ya dishi, na kurudi ardhini.

Njia mbili za ardhi haziwi na hali sawa kabisa ya umeme. Tofauti ndogo iliyopo kati yake husukuma mkondo mdogo katika mduara huo, na sehemu ya mduara ni ule waya wa kebo ya sauti unaotegemewa kuwa kimya. Amplifaya haijui kwamba huo si muziki. Huukuza, na mvumo husikika. Ndiyo maana kila chombo kikijaribiwa peke yake huonekana kizima, na mlaji hurudi nyumbani akidhani fundi amemdanganya.

Tiba yake huanza na yale yasiyo na gharama. Kwanza, pelekea umeme kompyuta na spika kutoka soketi moja, kwa kutumia ekstensheni moja yenye pini tatu na yenye uwezo unaotosha vifaa hivyo. Njia mbili za ardhi zikiwa moja, tofauti kati yake hupungua sana. Pili, ondoa kiunganishi kisichohitajika. Kama sabufa haitumiki kwa televisheni na kompyuta kwa wakati mmoja, usiiache imeunganishwa na vyote viwili. Tatu, tenga kebo ya sauti na nyaya za umeme. Zikilazimika kukutana, zikatizane kama msalaba badala ya kulala sambamba. Tumia kebo yenye urefu unaotosha tu, maana kebo ndefu iliyoviringishwa nyuma ya meza huokota kelele zaidi.

Mvumo ukibaki, kuna kifaa kidogo kinachowekwa katikati ya kebo ya sauti kiitwacho kitenganishi cha sauti. Ndani yake mna transfoma ndogo zinazopitisha mawimbi ya sauti bila kuwepo mguso wa waya kwa waya, hivyo mduara hukatika lakini muziki hupita. Vitenganishi vya bei ya chini vinaweza kupunguza besi, kwa hiyo vijaribu kabla ya kulipa. Njia nyingine ya kukata mduara ni kupeleka sauti kwa Bluetooth iwapo sabufa yako inayo.

JAMBO LISILOFANYWA KAMWE

Wapo wanaoshauri kukata pini ya ardhi ya plagi, au kuunganisha kompyuta kwa adapta isiyopitisha waya wa ardhi. Ni kweli kwamba kufanya hivyo kunaweza kunyamazisha mvumo, kwa kuwa mduara umekatwa. Lakini kilichokatwa si kelele, ni kinga. Waya wa ardhi umewekwa ili, waya wa moto ukigusa mwili wa chuma wa chombo kwa hitilafu, umeme ukimbilie ardhini na kufanya fyuzi ikatike au swichi ya kinga ishuke. Waya huo ukiwa haupo, chombo huendelea kuwaka kama kawaida huku mwili wake ukiwa na umeme wa volti 230, ukimsubiri wa kwanza kuugusa. Anaweza kuwa mtoto.

Zaidi ya hayo, hatari haibaki katika chombo kimoja. Kompyuta isiyo na ardhi ikipata hitilafu, umeme unaweza kupita katika kebo ya sauti hadi kwenye sabufa, maikrofoni na kila kilichounganishwa nayo. Kwa anayeshika maikrofoni ya chuma mbele ya waumini au wageni wa sherehe, hilo si jambo la kubahatisha.

Lipo pia zoea la kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu au kijiti ili plagi ya pini mbili iingie. Tundu hilo ndilo linalofungua vifuniko vya ndani vinavyokinga matundu yenye umeme, na pini ya ardhi ndiyo iliyotengenezewa kazi ya kulifungua. Tumia adapta iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Spika na chaja zenye pini mbili zilizotengenezwa kihalali huwa na alama ya mraba ndani ya mraba, inayomaanisha kwamba zina kinga maradufu na hazihitaji waya wa ardhi. Chombo kilichokuja na pini tatu hakina ruhusa hiyo.

KOMPYUTA INAPOWASHA MWILI

Watumiaji wengi wa kompyuta mpakato husema kwamba mkono huwasha unapopita juu ya mfuniko wa chuma wakati chaja imechomekwa, na kwamba mvumo wa spika hupungua wanapoigusa. Ndani ya chaja mna kapasita ndogo zinazochuja kelele za umeme. Katika chaja za pini tatu, kapasita hizo huelekeza umeme kidogo kwenye waya wa ardhi. Nyumba isipokuwa na waya wa ardhi uliofungwa vizuri, umeme huo huelea kwenye mwili wa kompyuta na kuingia katika kebo ya sauti. Baadhi ya chaja za pini mbili hutoa hali kama hiyo kwa kiasi kidogo.

Mara nyingi mkondo huo ni mdogo. Hata hivyo mlaji hawezi kuutofautisha na uvujaji wa hatari kwa kuugusa, wala kwa testa ya kawaida, kwa kuwa taa ya testa inaweza kuwaka katika hali zote mbili. Kwa hiyo chukulia mwasho kama onyo kwamba mfumo wa ardhi wa jengo unahitaji kupimwa. Kuwepo kwa tundu la tatu katika soketi si uthibitisho kwamba kuna waya nyuma yake. Kazi ya kupima ifanywe na fundi umeme mwenye leseni. Kwa Tanzania Bara leseni za ufungaji wa mifumo ya umeme hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), na unayo haki ya kuomba kuonyeshwa leseni hiyo kabla kazi haijaanza. Muulize pia kuhusu swichi ya kinga inayokata umeme inapohisi uvujaji wa miliampea 30.

MAMBO UNAYOWEZA KUREKEBISHA MWENYEWE

Viwango vya sauti. Weka sauti ya kompyuta juu, kati ya asilimia 70 na 90, kisha shusha kitufe cha spika hadi kiwango unachotaka. Ukifanya kinyume, yaani sauti ya kompyuta chini na spika juu kabisa, unailazimisha amplifaya kukuza muziki hafifu pamoja na kelele zote zilizo nyuma yake.

Maikrofoni. Katika mipangilio ya sauti ya kompyuta, zima maikrofoni usiyoitumia na uondoe nyongeza ya ukuzaji wake. Maikrofoni iliyo wazi karibu na spika huokota sauti ya spika na kuirudisha, na matokeo yake ni mlio mkali unaozidi kupanda.

Chaguo la sabufa. Hakikisha sabufa imewekwa kwenye njia ya AUX wala si redio.

Kitufe chenye mikwaruzo. Zima chombo na uchomoe plagi, kisha zungusha kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho mara 20 hivi. Vumbi jepesi huondoka kwa njia hiyo. Usimimine mafuta ya kupikia, manukato wala mafuta ya taa. Dawa maalumu ya kusafishia viunganishi inapatikana kwa wauzaji wa vifaa vya elektroniki.

Simu. Iweke simu umbali wa mita moja au mbili kutoka kwenye spika na kebo zake.

Taa na inveta. Zima moja baada ya nyingine taa, chaja na vifaa vingine vilivyo katika mstari uleule wa umeme. Baadhi ya taa za LED na chaja za bei ya chini hazina vichujio vya kutosha. Wanaotumia umeme wa jua wajue kwamba inveta za bei nafuu hutoa umeme ambao mawimbi yake si laini kama ya gridi, na hivyo huongeza mvumo katika vyombo vya sauti. Inveta ya mawimbi laini huondoa tatizo hilo.

Kelele ya ndani ya kompyuta. Pale ambapo tundu la nyuma nalo lina mlio, kadi ya sauti ya nje inayochomekwa kwenye tundu la USB huihamisha kazi ya sauti nje ya kompyuta, na bei yake ni ndogo kuliko ya kompyuta au sabufa mpya. Ichomeke katika tundu la kompyuta yenyewe, wala si pamoja na vifaa vingine kwenye kigawanyaji kimoja.

UNAPOKWENDA KWA FUNDI

Iwapo hatua ya kwanza na ya pili zimeonyesha kwamba kelele inazaliwa ndani ya spika, hapo fundi anahitajika. Katika chombo kilichotumika miaka mingi, sababu ya kawaida ni kapasita za kusawazisha umeme kuchoka au kuvimba, kiasi cha kushindwa kuondoa mtetemo wa umeme. Kuzibadilisha ni kazi ndogo kwa fundi anayejua. Mweleze matokeo ya kila hatua uliyoandika, umwombe akutajie kwa maandishi kinachobadilishwa na gharama yake kabla ya kuanza, na udai urudishiwe vipuri vilivyotolewa. Mlaji anayesema "inavuma tu" huweza kutozwa kwa kila kitu. Mlaji anayesema "inavuma hata kebo ikiwa imetoka, katika soketi mbili tofauti" hutozwa kwa kazi iliyopo.

KABLA YA KUNUNUA, NA BAADA YA KUNUNUA

Dukani, muuzaji hucheza muziki kwa sauti ya juu, na muziki huo huficha kelele. Mwombe auzime. Pandisha kitufe cha sauti hadi mwisho pasipo kitu kinachochezwa, weka sikio karibu na usikilize. Sauti nyembamba ya mbali ni ya kawaida. Mvumo mzito si wa kawaida. Kisha zungusha kila kitufe na utikise kila kebo.

Usidanganywe na namba kubwa ya wati iliyoandikwa kwenye boksi pamoja na herufi PMPO. Tazama kibandiko cha nyuma kinachoonyesha umeme unaotumiwa na chombo. Sabufa inayotumia wati 40 haiwezi kutoa maelfu ya wati za sauti. Linganisha vyombo kwa kipimo cha RMS.

Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa, na cheti cha dhamana chenye tarehe na muhuri. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, zinampa mlaji msingi wa kudai bidhaa inayofaa kwa kazi iliyonunuliwa, na zinakataza kumpotosha kuhusu ubora wake. Maandishi ya ukutani yanayosema kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi hayafuti wajibu huo pale bidhaa inapokuwa na kasoro.

Ukigundua kasoro, acha kutumia chombo, usikifungue, na umrudie muuzaji mapema ukiwa na risiti na maandishi yako ya hatua tano. Eleza kwa utulivu unachotaka: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Akikataa, andika barua na ubaki na nakala, kisha peleka lalamiko Tume ya Ushindani. Kama chombo au plagi yake inaonekana kuwa ya hatari kwa matumizi, toa taarifa pia kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kwa maana chombo kama hicho kilichobaki rafuni kitanunuliwa na mwingine.

KWA UFUPI

Sikiliza aina ya kelele. Tenga spika na kompyuta, jaribu kwa simu ya betri, kisha chunguza umeme na matundu. Anza na tiba zisizo na gharama: soketi moja, kebo fupi, viwango sahihi vya sauti. Nunua kitenganishi au kadi ya nje pale tu uchunguzi unapoonyesha kwamba inahitajika. Tunza risiti. Na pini ya ardhi iachwe mahali pake, hata kama spika inavuma.